Maji Yasiyo na Pa Kwenda

Tarehe 24 Agosti 2023 Japani ilianza kumwaga katika Bahari ya Pasifiki maji ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, kilichoharibiwa na tsunami ya Machi 2011. Siku hiyohiyo China ilipiga marufuku mazao yote ya bahari kutoka Japani.

Rafiki yangu anayesoma fizikia hapa Dodoma huijibu hofu hiyo kwa hesabu. Maji yale yamechujwa, na kilichobaki hasa ni tritiamu, ambayo ni vigumu kuitenga na maji kwa sababu yenyewe ni aina ya haidrojeni. Kabla ya kumwagwa huchanganywa na maji ya bahari mpaka yawe chini ya bekereli 1,500 kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000. Sibishani na hesabu hizo. Ninachojiuliza ni kama zinajibu swali lililoulizwa.

Mwaka 2015 wavuvi wa Fukushima waliahidiwa kwa maandishi, na serikali pamoja na kampuni ya umeme, kwamba maji hayo hayatatupwa bila wahusika kuelewana nalo. Miaka minane baadaye yalimwagwa huku vyama vya wavuvi vikiendelea kupinga. Wavuvi walitaka kujua nani ana haki ya kuamua, wakaambiwa ni kiasi gani. Jirani akimimina kikombe cha maji yake machafu katika mtungi wangu, anaweza kunithibitishia kwamba sitaugua. Hata hivyo, alipaswa kuniuliza kwanza. Bahari ni mtungi wa wengi, na kwa kuwa ni ya wote, ni rahisi kuitendea kana kwamba haina mwenyewe.

Sisi wa nyanda za kati hatuna bahari, lakini swali hilo tunalo. Ukitoka Dodoma kwenda Singida unapita Bahi, kwenye mashamba ya mpunga. Mto Bubu huingia katika kinamasi cha Bahi na safari yake huishia hapo. Maji hayo hayafiki baharini. Jua huyakausha, na yaliyoyeyuka ndani yake hubaki. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni za utafiti zilikuja huko kutafuta urani. Kusini, Namtumbo, kiwanda cha majaribio cha urani kilizinduliwa Julai 2025 katika eneo la Mto Mkuju, ambao maji yake hatimaye huingia Rufiji na kufika kwenye mikoko ya delta, mkabala na Mafia. Sisemi kwamba kuna sumu iliyofika huko. Nasema mvuvi wa delta na mkulima wa Bahi wana haki ya kuuliza kabla, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Rafiki yangu hunipinga hapa, na ana hoja. Kama kila mwenye hofu angekuwa na kura ya turufu, anasema, hata mashine za mionzi zinazotibu saratani zisingefungwa. Ni kweli kwamba hofu inaweza kukosea. Lakini anayepokea tiba ya mionzi huelezwa, huulizwa, kisha hukubali, na faida ni yake mwenyewe. Mkulima wa Bahi angebeba hatari ya faida inayokwenda kwingine.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa hiyo naona tunamdai mwenye mradi mambo matatu: wanaotumia maji wawepo uamuzi unapofanywa, maji yapimwe kabla ya kazi kuanza, na mtu asiyelipwa na mwenye mradi, na matokeo yasomwe kijijini, kwa lugha ya kijiji, mwaka hadi mwaka. Fukushima walikuwa na bahari nzima ya kuzimulia kosa. Bahi hawana, na wa kuulizwa kwanza ni wao.