Kalamu Haikuinuliwa Kwetu

Ndugu Waislamu,

Hapana asiyejua miongoni mwetu kuwa kujiua ni haramu. Qur'ani imekataza katika Sura ya Nne, na Hadithi zilizokuja juu yake ni kali. Wala hapana asiyejua kuwa Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala, mtoto mdogo na mwenda wazimu. Lakini baina ya mzima mwenye hisabu na mwenda wazimu asiye na hisabu yuko mtu ambaye hatumtaji, naye ndiye niliyekusudia kumsema leo.

Mtu huyu yuko kizingitini. Mara nyingi ni kijana. Usingizi umempotea, amejitenga na wenziwe, na masomo au kazi zimemshinda. Asikia kama aitwa, na hapana mtu. Apita barazani akadhani wote wamsema yeye. Na juu ya hayo akili ya kujiuliza bado anayo. Ajua kuwa kuna kitu kinamharibikia, naye aogopa na kuona haya. Hapo ndipo penye khatari.

Madaktari wamelichungua jambo hili. Mwaka 1994, mjini Melbourne, Australia, palifunguliwa kliniki makhsusi kwa vijana wa hali hii, na nchi nyingine zikafuata. Katika vijana waliochunguzwa namna hiyo, zaidi ya nusu walikiri kuwa wamepata fikira za kutaka kufa. Na katika wale ambao maradhi yamekwisha kuwathibitikia, yale yaitwayo skizofrenia, wapata watano katika kila 100 hufa kwa kujiua, na wengi wao ni katika miaka ya mwanzo. Lakini jueni na hili: wengi wa walio kizingitini hawavuki, na anayetibiwa mapema ana matumaini makubwa.

Jee, sisi twafanya nini? Twaficha. Twasema ana pepo, tukampeleka kwa mganga akapigiwe ngoma. Au twamwambia kuwa imani yake ni dhaifu.

Mimi mwenyewe nimekosa katika jambo hili. Aliletwa kwangu kijana, nikamsomea, nikamuusia kusali, nikamrejesha kwao. Sikumuuliza kama afikiri kujitoa roho, kwa kuchelea kuwa nikilitaja neno lile nitamtia moyoni. Siku chache baadaye alijaribu, na Mwenyezi Mungu akamnusuru kwa mkono wa dadake. Nilipokwenda kumtazama akaniambia: "Sheikh, siku ile nilikuwa nangoja uniulize." Na waliobobea katika elimu hii wasema vivyo hivyo: kumuuliza mtu kwa upole na uwazi hakumtii fikira hiyo, bali humfungulia mlango wa kusema.

Huenda akatokea wa kusema: ukilegeza hukumu, utawafanya watu wajiue. Namjibu kuwa haramu ni haramu, wala sikuihalalisha. Lakini kumtisha kwa Moto mtu aliyekwisha kujiona yumo ndani yake hakumrudishi nyuma. Katika Sahihi Muslim mna kisa cha mtu aliyehama pamoja na Tufail bin Amr, akashindwa kuvumilia maradhi, akajidhuru akafa, naye Mtume (s.a.w.) alimwombea maghufira. Basi sisi ni nani hata tukae barazani kuwagawia maiti Pepo na Moto?

Wala kumpeleka mgonjwa wa akili kwa tabibu si mambo ya Wazungu. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi pamoja. Na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, iliwapokea wagonjwa wa akili. Kusoma Qur'ani ni dawa, na hakuzuii dawa ya daktari. Ama waliokuwa wakiogopa polisi, Mahakama Kuu ya Kenya ilihukumu Januari 2025 kuwa kifungu cha 226, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, chapingana na Katiba.

Basi mwenye kijana aliyebadilika asingoje. Na akae naye faraghani, amuulize waziwazi, amsikilize bila ya kumkemea. Akikiri, asimwache peke yake, aondoe nyumbani kila cha kumdhuru, na ampeleke hospitali siku ile ile. Kisha aendelee naye, kwani maradhi haya hayaponi kwa siku moja.

Huenda kalamu imeinuliwa kwa kijana yule. Mola wake ndiye amjuaye. Ama sisi tuliomwona akififia tukanyamaza kwa kuogopa aibu ya mtaa, akili zetu ni timamu, na kalamu yetu yaandika.

Wa billahi taufiki.