Mali Bila Daftari

Mimi ni mwizi. Niliiba shilingi 38,000, na kwa muda wa miezi saba sikujua kwamba nimeiba. Usiufunge ukurasa huu kwa hasira, maana hiyo miezi saba ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Je, mtu anaweza kuwa mwizi na yeye mwenyewe asijue?

Nianze na mkasa wenyewe. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumfurahisha mtu wala kumliza. Tangu hapo ndoto yangu ni moja tu, kuandika riwaya. Lakini mwenye nyumba wangu hapa Tandika hapokei sura ya tatu badala ya kodi ya chumba. Basi nikaanza biashara ya vitabu vilivyotumika. Navinunua kwa wale wanaovipanga chini, kandokando ya barabara kule Posta. Navipiga picha, naviweka Instagram na WhatsApp, halafu nangoja. Mteja wa hapa Dar namtumia kwa bodaboda. Wa mkoani namfungia mzigo, naupeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi, unapanda basi. Duka langu halina mlango wala kibao, lote liko ndani ya simu.

Siku moja dada mmoja wa Iringa aliagiza riwaya nne. Akalipa 38,000 pamoja na nauli ya mzigo. Siku zikapita, akauliza. Nikatafuta kichwani mwangu, nikajiona kabisa nikimkabidhi kondakta ule mzigo. Nikamjibu, "Dada, nimeshatuma, kaulize stendi." Akaenda, hakukuta kitu. Akaenda tena. Mara ya tatu akaniambia kwa upole, "Kaka yangu, mimi si mtu wa maneno. Hebu angalia vizuri." Mimi nikapandwa na hasira. Nikamwambia matapeli wa namna yake nawafahamu sana, kisha nikamfungia namba. Usiku nikaingiwa na hofu asije akanitangaza kwa watu, nikabadili jina la duka. Dakika mbili tu! Yule muuzaji aliyekula pesa ya mtu akawa hayupo tena duniani.

Miezi saba baadaye nilihama chumba. Tulipovuta kitanda, mzigo ule hapo, umefungwa kwa gazeti na selotepu, vumbi juu. Nilikuwa nimeandika kwa kalamu nene: DADA WA IRINGA.

Niliketi juu ya godoro, wenzangu wakabeba vitu peke yao. Nilitaka kumrudishia siku ileile. Lakini nimrudishie nani? Simu niliyozungumza naye ilikuwa imeibiwa kwenye daladala. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha binamu yangu, naye alikuwa ameshakwenda Muscat kufanya kazi. Nilipokwenda kuomba orodha ya miamala nikaambiwa, tena kwa haki kabisa, kwamba orodha hupewa mwenye laini. Na jina la yule dada sikuwahi kuliandika popote. Alikuwa mteja wangu, nilikula pesa yake, nikamtukana, na hata jina lake silijui.

Kijiweni nilimweleza mshikaji wangu mmoja anayeuza viatu vya mtumba kwa simu kama mimi. Akacheka. "Acha kujitesa, mwanangu. Mwizi ni yule aliyekusudia. Wewe ulisahau tu. Kusahau si dhambi."

Nilitamani sana kumkubali. Hata watu wa dini na wanasheria hutazama nia ya mtendaji. Lakini jambo moja lilinikosesha usingizi. Katika miaka ile yote ya kuuza bila maandishi, sikuwahi hata mara moja kumsahau mtu anayenidai mimi ... la hasha, nimekosea, na kosa lenyewe lina mafunzo. Niliotaka kusema ni wale ninaowadai mimi. Hao ndio sikuwasahau. Jamaa wa Kigamboni aliyebakiza 2,000 nilimkumbuka kwa jina, kwa sura na kwa shati alilovaa. Ninaodaiwa nao ndio waliokuwa wanayeyuka. Kusahau kwangu kulikuwa na upendeleo. Kulijua upande wa kuegemea.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mshikaji wangu. Dereva anayejua breki zake ni mbovu na bado akaingia barabarani hakukusudia kumgonga mtoto. Hata hivyo hatuwezi kumwambia, "Pole, bahati mbaya." Kosa lake alilifanya asubuhi, alipowasha gari. Kosa langu halikuwa siku niliyomtukana dada wa Iringa. Lilikuwa siku ya kwanza ya biashara, nilipojiambia kwamba kichwa changu kinatosha.

Na sisi tunaotaka kuwa waandishi tuna hatari zaidi ya wengine. Kichwa cha mtunzi kinapenda hadithi, na katika kila hadithi mtunzi anajitafutia nafasi nzuri. Mimi nilimwona kondakta akipokea mzigo. Nilimwona! Naweza kukueleza rangi ya kofia yake. Kumbe nilikuwa nimetunga.

Baba yangu mkubwa ana duka la rejareja Mbagala tangu mimi sijazaliwa. Ukutani, juu ya magunia ya unga, ameandika kwa rangi ya mafuta: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI. Msemo huu nimeusoma tangu nikiwa mdogo, nikadhani ni onyo kwa mwenye duka, kwamba asipoandika ataibiwa. Nilipokwenda kumweleza yaliyonipata nilimwamkia, akaniitikia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akashusha daftari lake lililoning'inizwa kwenye msumari kwa kamba.

"Tazama hapa, mwanangu," akasema. "Huku kushoto wanaodaiwa. Huku kulia ninaowadai ... aa, wanaonidai mimi. Kushoto hata nisipoandika nitakumbuka. Daftari nimelinunua kwa ajili ya kulia."

Nikashangaa kwamba hata yeye ulimi uliteleza mahali palepale. Basi nikauelewa ule msemo upya. Mali inayopotea bila habari si ya mwenye duka peke yake. Ni ya mteja pia, na yeye hana daftari la kuiandika.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapo ndipo vijana wengi tunaofanya biashara za simu hukunja uso. Mshikaji wangu ana hoja, na si haki kuipuuza. "Mwaka 2018," akaniambia, "tulipewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa 20,000. Mimi nilinunua. Mwaka 2021 tukahamishwa barabarani, kitambulisho mfukoni. Sasa niko kwenye simu, hakuna anayeniona. Unataka nikajipeleke mwenyewe?"

Ni kweli, foleni zipo, ada zipo, na mnyonge huzihisi kuliko tajiri. Tena ni kweli kwamba leseni ukutani haimfanyi mtu kuwa mwema. Mtu anaweza kuwa na karatasi zote na bado akauza kitabu chenye kurasa pungufu huku akijua. Sheria na wema si pacha. Lakini nilipokaa nikazisoma hizo sheria zinazotuhusu, niliona kwamba nyingi zinauliza swali lilelile ambalo dada wa Iringa alikuwa na haki ya kuniuliza: wewe ni nani, na uko wapi?

Sheria ya majina ya biashara haimsumbui anayeuza kwa jina lake halisi. Lakini ukijipa jina la kubuni, ulisajili BRELA, ijulikane nyuma ya jina hilo yuko nani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hizi amweleze mnunuzi jina lake, mahali anapopatikana, bidhaa ilivyo na bei yake. Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972, zamani kabla ya simu hizi, nayo inataka mfanyabiashara ajulikane. Hata usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao tuliulalamikia sana, ungenisaidia kumpata dada yule kama laini ingekuwa yangu kweli.

Kwenye kodi niliona jambo la kuchekesha na la kufikirisha. Viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 vilisema hivi: mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 halipi kodi hiyo ya mapato. Akiwa kati ya milioni 4 na 7, kama anatunza kumbukumbu, analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kama hatunzi, analipa 100,000. Piga hesabu ya mtu aliyeuza milioni 5. Mwenye daftari analipa 30,000, asiye na daftari 100,000. Tofauti ni 70,000, na daftari lenyewe hata 5,000 halifiki! Yaani serikali nayo imekubaliana na ukuta wa baba mkubwa.

Katika vitabu nilivyowahi kuuza kulikuwa na kile cha Plato, Myunani wa kale, kuhusu jamhuri. Humo kuna kisa cha mchungaji aliyepata pete. Akiizungusha haonekani. Basi akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa nchi. Swali linaloulizwa ni hili: mwema na mwovu wakipewa pete hiyo, tutawatofautisha vipi? Nilipokisoma nilijihesabu upande wa wema. Kumbe pete ninayo kiganjani. Niliizungusha usiku ule nilipobadili jina la duka, na sikutawala nchi yoyote. Nilipata 38,000.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Uaminifu si kutokuwa na nia mbaya tu, maana nia njema kila mtu anayo akiwa amelala. Uaminifu wa anayeuza bila kuonana na mnunuzi ni kukubali kupatikana. Daftari, jina la kweli, namba ya mlipa kodi, laini iliyo yangu, vyote ni njia ambazo mtu niliyemkosea anaweza kuzipita mpaka anifikie. Kuzifunga njia hizo ni kujitayarishia wizi, hata kama bado sijajua nitamwibia nani.

Nimeanza. Laini ya biashara ni ya jina langu, na pesa yake sichanganyi na ya ugali. TIN ninayo, haikunigharimu kitu. Kila Jumapili jioni naandika: tarehe, jina la mteja, kitabu, bei, kimetumwa au bado. Kumbukumbu za kodi natakiwa kuzitunza miaka 5. Na kwa kuwa sasa ninashika majina na namba za watu, nimejifunza kwamba hizo si zangu. Zamani nilishawahi kumpa mshikaji wangu namba za wateja wangu awauzie viatu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakataza mchezo huo. Lakini hata isingekataza, mtu aliyenipa namba ili apate kitabu hakunipa ili asumbuliwe na viatu.

Mshikaji bado ananicheka, ananiita Afisa Mapato. Sawa tu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari una mstari mmoja peke yake. Upande wa kulia. "Dada wa Iringa, riwaya 4, 38,000. Bado." Pesa iko kwenye bahasha, vitabu bado vimefungwa. Nimeshawauliza mawakala wa mabasi ya Iringa, hakuna anayemkumbuka. Ikiwa msomaji yeyote anamfahamu dada aliyewahi kuagiza riwaya nne Dar zisifike, akaitwa tapeli na tapeli mwenyewe, amwambie muuzaji sasa anapatikana.