Amri ya Nane na Mtoto Aliyeumizwa

Wakatekumeni wapenzi, tulipokuwa tukijifunza Amri ya Nane, mmoja wenu aliuliza swali linalostahili kujibiwa kwa kituo. Alisema: Ikiwa kutangaza kosa la jirani ni dhambi, hata kosa lenyewe likiwa la kweli, itakuwaje kwa mama alelaye watoto wadogo shuleni, naye aona mtoto mmoja ana alama za mapigo, au ahisi kwamba mtu mzima amemchezea vibaya? Akilipeleka jambo hilo kwa wakubwa, je, hajasengenya? Wengi walitikisa kichwa wakanong'ona kwamba ya nyumbani hubaki nyumbani.

Tuanze na neno lenyewe. Kusengenya ni kufunua kosa la mtu mbele ya wasiohusika, pasipo sababu ya haki. Sababu ya haki ikiwapo, na msikiaji akiwa ndiye mwenye wajibu wa kutibu au kuhukumu, hapo hapana masengenyo. Jina jema ni mali ya mtu, nasi twaamriwa tusimwibie. Lakini mwili wa mtoto wapita mali yote. Vitu hivyo viwili vigonganapo, sioni kwa haki gani mtoto atolewe awe malipo ya heshima ya mkubwa.

Wengine hudhani pia kwamba katekista, kwa kuwa yu karibu na padri, amefungwa na siri kama ile ya kitubio. Sivyo. Siri ile ni ya padri katika Sakramenti. Mimi na mlezi wa chekechea hatuna muhuri wa namna hiyo midomoni mwetu.

Fundo gumu li mahali pengine. Mlezi husema: Sina hakika, nimeona alama tu, sikuona tendo. Kwa fundo hili sisi watu wa Mangina tuna mwalimu ambaye wengine hawakumpata, ingawa alitufundisha kwa machozi. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na kitovu chake cha kwanza kilikuwa hapa petu. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekwisha kufa. Siku zile walimu, wakuu wa vijiji na akina mama walifundishwa kutoa habari mara waonapo homa ya ghafula. Je, waliambiwa wangoje mpaka wawe na hakika? La. Kazi yao ilikuwa kusema waliloliona; kupima damu ilikuwa kazi ya wengine. Mara nyingi ilionekana kuwa ni malaria tu, na wenye akili walimshukuru Mungu, wala hawakumwita mtoa habari mwongo. Huko Beni na Butembo UNICEF ilifungua nyumba za kulelea watoto karibu na vituo vya matibabu, na walezi wake walikuwa watu waliopona ugonjwa huo. Kama mlezi aweza kufundishwa kutambua homa, aweza pia kufundishwa kutambua jeraha lisilosemwa.

Mfano huu hata hivyo una mguu mfupi. Homa haimwaibishi mtu, lakini shaka ya uovu yaweza kumharibia maisha, na kwetu ugomvi wa shamba la kakao umekwisha kuzaa mashitaka ya uongo ya kila aina. Kwa sababu hiyo habari ipelekwe kwa wachache wenye wajibu, isipite sokoni. Anayenong'ona kwa majirani kumi na kunyamaza mbele ya polisi amekosa mara mbili.

Sasa tazameni tukio la hapa hapa. Mwezi wa Aprili 2019 msichana wa miaka kama 14 alikuwa akiuza kadi za simu kando ya barabara ya Mangina. Kwa maelezo yake mwenyewe, dereva wa Shirika la Afya Duniani alimwambia apande gari ampeleke kwao, naye akampeleka hotelini akamnajisi. Habari yake imo katika taarifa ya tume iliyoongozwa na Bibi Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Bibi Julienne Lusenge wa Kongo, iliyotolewa tarehe 28 Septemba 2021. Tume ilihesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa Shirika hilo. Jambo moja katika taarifa ile lanikaa moyoni kuliko hesabu hizo: palikuwa na lalamiko lisilochunguzwa kwa hoja kwamba mwanamke aliyelalamika hakuwa miongoni mwa waliopokea msaada wa Shirika. Ninyi mliosoma habari ya Msamaria mwatambua sauti hiyo. Ni ya yule aulizaye jirani yangu ni nani, ili apate ruhusa ya kupita ng'ambo ya njia.

Basi mlezi afundishwe nini? Ajue kwamba mtoto akianguka mchezoni huumia magotini na viwikoni. Alama za mgongoni, masikioni au mapajani zina habari nyingine. Amwangalie mtoto aliyekuwa mcheshi akanyamaza ghafula, aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayemkimbia mtu mmoja tu, au mwenye fedha na zawadi zisizojulikana zilikotoka. Alama moja si ushahidi, lakini yatosha kuyafungua macho. Mtoto akisema, asikilizwe pasipo kuhojiwa kama mwizi. Asiahidiwe kwamba jambo litakuwa siri, maana ahadi hiyo haitatimizwa, naye atakuwa amedanganywa tena na mkubwa. Asisimamishwe uso kwa uso na mshitakiwa. Maneno yake yaandikwe yalivyo, pamoja na siku na saa. Akiwa amenajisiwa, apelekwe hospitali upesi, kwani dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Kisha habari iende kwa mkuu wa shule, na kwa polisi maalum ya ulinzi wa mtoto na mwanamke.

Najua wazee watataka kulikalia jambo na kutoa mbuzi. Siwadharau wazee, wala mbuzi wao, waliokwisha kupatanisha ukoo na ukoo mara nyingi. Lakini mbuzi huliwa na baba wa mtoto, na mtoto hubaki kijijini pamoja na aliyemwumiza. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 yasema kwamba katika makosa ya unajisi hata faini ya mapatano haizimi mashitaka; sembuse mbuzi. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yamhesabu kuwa mtoto kila asiyetimiza miaka 18, hata kama mwili wake umekwisha kukua.

Mtaniuliza: Je, mkosaji akiwa mtu wa misioni, katekista au padri? Papa Fransisko alijibu kwa barua ya tarehe 7 Mei 2019. Mapadri na watawa wenye habari ya namna hiyo wanawajibika kuitoa, kila jimbo liwe na njia ya kuipokea, wala mtoa habari asilazimishwe kunyamaza. Kwetu njia hiyo yaelekea kwa Askofu, Butembo. Ile ya polisi haifungwi kwa sababu hiyo. Mtu aweza kuzipita zote mbili siku moja.