Haki ya Giza: Ukarabati wa Filamu ya Ercole al centro della Terra na Suala la Uaminifu

Mkarabati wa kazi ya sanaa ni mtu mwenye deni, ila si bayana anadaiwa na nani. Aghalabu hujibiwa kwamba anadaiwa na msanii aliyeiumba kazi hiyo. Wengine husema mdai ni kazi yenyewe, kwa kuwa kazi ikishatoka mikononi mwa mtunzi huwa na maisha yake. Wako pia wanaoshikilia kwamba deni ni la hadhira, iwe ile ya kale iliyoipokea kwanza au hii ya leo inayoinunua. Katika uhakiki wa matini andishi mjadala huu ni mkongwe. Katika uwanja wa filamu ni mchanga zaidi, nao umezidi kupamba moto tangu filamu za zamani zianze kusafishwa kwa mitambo ya kidijitali na kutolewa upya katika diski za kutazamwa nyumbani.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuegemea filamu moja ya njozi kutoka Italia, Ercole al centro della Terra, iliyoongozwa na Mario Bava mwaka 1961. Filamu hii imeteuliwa makusudi kwa sababu haimo katika orodha ya kazi tukufu. Mbele ya kazi tukufu kila mtu hujifunza heshima upesi. Uaminifu hupimwa barabara pale ambapo kazi ilitengenezwa kwa fedha haba na kwa ajili ya hadhira ambayo wahakiki hawakuijali.

Bava (1914-1980) alizaliwa San Remo. Baba yake, Eugenio, alikuwa mchongaji na mtaalamu wa mbinu za hila za kamera tangu enzi ya filamu zisizo na sauti. Mwana alirithi ufundi huo, akawa mpiga picha kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwongozaji. Ndiye aliyepiga picha za Le fatiche di Ercole (1958) ya Pietro Francisci, iliyomfanya Mmarekani Steve Reeves kuwa maarufu na kuzua wimbi la filamu za majabari wa kale. Wimbi hilo lilidumu hadi katikati ya miaka ya 1960 hivi. Filamu hizo zilizunguka katika kumbi za mitaani na za miji midogo, mahali ambapo nakala ilifika ikiwa imechakaa na tiketi ilikuwa rahisi.

Katika filamu ya mwaka 1961, jabari Ercole, ndiye Herakles wa Wayunani, anaigizwa na Mwingereza mtunisha misuli, Reg Park. Anarudi kutoka vitani na kumkuta mchumba wake, Deianira, amepotewa na akili. Dawa yake ni jiwe la usahaulifu lililoko kuzimu. Ercole analiendea pamoja na rafiki yake Teseo. Wanalipata, lakini Teseo anamchukua kwa siri Persefone, kipenzi cha Pluto, na hasira ya Pluto inaishukia nchi yote kama maafa. Nyuma ya ugonjwa wa Deianira yuko Lico, mtawala anayeigizwa na Christopher Lee, ambaye anangojea kupatwa kwa mwezi ili ainywe damu ya binti huyo apate kuishi milele.

Hadithi hii haina uzito mkubwa, na hakuna haja ya kujifanya inao. Uzito umo katika namna inavyoonekana. Inasimuliwa kwamba Bava aliyajenga majumba na mapango yake kwa vipande vichache vya ukuta na nguzo kadhaa za kuhamishika, akizipanga na kuzipangua kila siku ya kazi. Kilichozigeuza nguzo hizo kuwa kasri asubuhi na kuzimu jioni ni taa: buluu, zambarau, kijani kibichi na nyekundu, zikielekezwa mahali pamoja na kunyimwa mahali pengine. Mahali palipokosa kitu cha kuonyesha, Bava aliweka giza au ukungu. Kwa hivyo giza katika filamu hii si upungufu wa mwanga. Ni sehemu ya ujenzi, sawa na kimya katika tungo ya mshairi aliye mweledi. Mtazamaji huona nguzo mbili, na akili yake hujenga nyingine mia zilizobaki.

Hapa ndipo tatizo la mkarabati linapoanza. Nakala iliyoonyeshwa ukumbini haikuwa ile iliyopita ndani ya kamera. Ilichapwa kutoka katika nakala hasi, na uchapaji huo ulipunguza ukali wa picha kidogo na kuyakoleza maeneo meusi. Mpiga picha mzoefu aliyajua hayo na kuyatia katika hesabu zake, mithili ya fundi anayeukata ubao akijua utasinyaa. Leo mkarabati huitafuta nakala hasi kwanza, na ana sababu nzuri: nakala za maonyesho zilikwaruzwa na mitambo, na rangi za tepe nyingi za wakati huo hupauka kwa miaka hadi picha ikabaki na wekundu uliofifia. Hasi ikipatikana, husomwa na mashine picha moja baada ya nyingine, na mashine huona mambo ambayo hayakukusudiwa kuonekana na yeyote. Mshono wa jabali la studio hudhihirika, na ukuta wa pango hujulikana kuwa umepakwa rangi. Wafu wa Lico wanaporuka hewani kumkabili Ercole, jicho la leo hutafuta uzi uliowabeba.

Je, uzi huo ukionekana, ufutwe? Kompyuta inaweza kuufuta pasipo kuacha dalili. Anayeunga mkono kufuta hudai kwamba Bava mwenyewe hakutaka uonekane, na kwamba katika nakala ya ukumbini pengine haukuonekana. Kuufuta basi ni kurejesha alichokiona mtazamaji wa 1961. Anayepinga hujibu kwamba uzi huo ulikuwapo kweli. Ni ushahidi wa kazi ya mikono, wa umaskini na werevu wa studio ile, na anayeufuta anaghushi historia. Hoja zote mbili zina nguvu, na zote mbili hudai kusimama upande wa ukweli. Zinatofautiana kuhusu ukweli upi: wa kitu kilichotengenezwa, au wa kitu kilichoonekana.

Italia yenyewe imetoa nadharia mashuhuri kuhusu jambo hili. Cesare Brandi, mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi Kuu ya Ukarabati iliyoanzishwa Roma mwaka 1939, alieleza katika Teoria del restauro (1963) kwamba ukarabati unapaswa kuurejesha umoja wa kazi kadiri iwezekanavyo, bila kughushi sanaa wala historia, na bila kuzifuta alama za safari ya kazi hiyo katika wakati. Kutokana na mawazo hayo ilikuzwa mbinu ya kujaza mapengo ya michoro kwa vistari vyembamba vilivyo wima. Mtazamaji aliye mbali huona picha kamili; akisogea karibu, huvitambua vistari na kujua kwamba hapa pana mkono wa mkarabati, si wa mchoraji. Ni suluhisho la kiadilifu kabla ya kuwa la kiufundi, maana humwachia mtazamaji hiari ya kusadiki au kuhakikisha.

Filamu haina vistari vya namna hiyo. Picha hupita 24 kwa kila sekunde, na kiraka huja na kuondoka kabla jicho halijauliza lolote. Mtazamaji hawezi kusogea karibu na pango la Ercole kama asogeavyo karibu na ukuta wa kanisa uliochorwa. Kwa sababu hiyo, kufuta uzi katika filamu ni tendo zito kuliko kujaza pengo katika mchoro, japo ni rahisi mara elfu.

Hata hivyo wanaobishana kuhusu uzi husahau kwa kawaida kosa jingine kubwa zaidi, nalo ni la kuangaza. Mkarabati aliyeipata hasi safi huona kwamba ndani ya giza la Bava kuna maelezo mengi: pembe ya ukuta, mkunjo wa nguo, sakafu. Kishawishi chake ni kuyatoa yote nje. Mnunuzi naye amezoeshwa kuamini kwamba kuona zaidi ni kupata zaidi, na kwamba nakala inayong'aa ndiyo iliyokarabatiwa vyema. Basi giza hunyanyuliwa kidogo, halafu kidogo tena. Matokeo yake ni ajabu: kila kitu kinachoonekana kilikuwapo mbele ya kamera, hakuna kilichoongezwa wala kufutwa, na bado filamu imepotoshwa kuliko ambavyo kufutwa kwa nyuzi zote kungeweza kuipotosha. Kuzimu kumekuwa chumba. Tena aliyefanya hivyo atajitetea kwa kusema hakugusa kitu.

Hapa dhana ya uaminifu kwa hasi huonyesha ufinyu wake. Hasi ni malighafi, wala si kauli ya mwisho ya msanii. Anayeitoa kama ilivyosomwa na mashine amekuwa mwaminifu kwa mashine.

Suala la matoleo huzidisha ugumu. Filamu hii ilienda Ufaransa kama Hercule contre les vampires, Ujerumani kama Vampire gegen Herakles, na Marekani kama Hercules in the Haunted World. Mtu atakayetaka sauti asilia atahangaika bure: kwa desturi ya studio za Italia wakati ule sauti ziliingizwa baada ya kupiga picha, na katika toleo la Kiingereza hata Christopher Lee, aliyekuwa na sauti ya kutambulika popote, amesemewa na mtu mwingine. Lico anayezungumza Kiingereza si Lee kamili, na Lico anayezungumza Kiitalia vilevile si Lee kamili. Aliye mzima hayumo katika toleo lolote.

Mhariri wa tendi za Kiswahili hatashangaa. Amezoea kukabili miswada isiyolingana, na anajua hatari ya kuchota ubeti hapa na ubeti pale mpaka akapata utendi mzuri ambao hakuna mtu aliyewahi kuunakili wala kuughani. (Sadfa ni kwamba katika Utendi wa Tambuka wa Mwengo, wa mwaka 1728, mfalme wa Rumi anaitwa Herekali, na jina hilo limetokana na la jabari yuyu huyu wa Wayunani.) Mhariri mwadilifu huchagua mswada mmoja kuwa msingi na kuzionyesha tofauti za mingine pembeni. Kampuni ya Kino Lorber ya Marekani ilipoitoa filamu ya Bava katika diski mwaka 2019, iliyaweka pamoja matoleo matatu: la Kiitalia, la Uingereza na la Marekani. Uamuzi huo ni karibu na vistari vya Brandi kuliko inavyodhaniwa. Mtazamaji hawezi kuusogelea ukuta, lakini anaweza kutoka toleo moja kwenda jingine na kuona mkono wa nani ulipita wapi.

Ipo hoja moja ya upande wa pili isiyopaswa kupuuzwa. Inasemekana kwamba mtazamaji wa nyumbani si yule wa ukumbini: ana kidhibiti mkononi, husimamisha picha, hurudi nyuma, na kwa hivyo mkataba wa kale wa giza umekwisha kuvunjwa, kwa nini mkarabati aulinde? Historia ya runinga inajibu. Kwa miongo mingi filamu hizi za skrini pana zilikatwa ubavuni ili zijae katika kioo cha runinga cha wakati huo, na takriban asilimia 43 ya picha ikatupwa. Hoja iliyotumiwa ilikuwa hiyo hiyo: nyumbani si ukumbini, mtazamaji hatajali. Hali ya mpokeaji inaweza kueleza kwa nini kazi inapokewa tofauti. Haitoi idhini ya kuibadilisha kazi kabla haijamfikia. Mtu akitaka kusimamisha picha na kuutafuta uzi, hiyo ni haki yake na pengine ni raha yake. Autafute katika giza lile lile alilopewa mtazamaji wa 1961.

Kwa msingi huo, uzi uachwe, isipokuwa pale inapothibitika kwa nakala ya maonyesho ya wakati ule kwamba giza lilikuwa limeufunika. Na hapo ufunikwe kwa giza hilo hilo, si kwa kompyuta. Jibu hili haliwezi kutekelezwa bila kuipata nakala ya maonyesho iliyohifadhi rangi zake na kuiweka kando ya hasi, na kazi hiyo ni ya gharama kuliko faida ya diski inavyoruhusu mara nyingi. Ukweli huo usifichwe. Mara nyingi linaloitwa suala la falsafa ya ukarabati huamuliwa na mhasibu.

Filamu yenyewe ina neno lake kuhusu haya, bila kukusudia. Ercole anashuka kuzimu kulitafuta jiwe litakaloirudisha akili ya Deianira, na jiwe hilo ni la usahaulifu. Anayerejeshwa anarejeshwa kwa kitu kinachofuta. Kisha Persefone analitumia jiwe hilo kwa Teseo, amsahau, ili yeye arudi kwa Pluto na nchi ipone. Teseo anaamka mzima na mchangamfu, hajui kwamba alimpenda mtu. Hana jeraha, na hakuna atakayemwambia alipunguziwa nini. Mtazamaji peke yake ndiye anayekumbuka, kwa kuwa yeye alionyeshwa yote.

Mapema katika filamu hiyo mwanamke ameuawa, na sura ya Lico inaonekana ikiakisiwa katika dimbwi la damu sakafuni. Mkarabati anayepanga rangi atalazimika kuamua damu hiyo iwe nyekundu kiasi gani, na giza linaloizunguka liwe zito kiasi gani. Akiiangaza mno, sakafu itaonekana yote na sura ile itakuwa kitu kimoja tu kati ya vitu vingi chumbani. Akiiacha kama Bava alivyoiacha, hakutakuwa na kitu kingine cha kutazama.