Shambulio Lisiloacha Jeraha

Mtu anaweza kutiwa hatiani kwa shambulio la kawaida bila mwenzake kutokwa hata na tone la damu. Kifungu cha 240 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16 (toleo la 2022), kinaweka kifungo kisichozidi mwaka 1. Shambulio likidhuru mwili, kifungu cha 241 kinapandisha adhabu hadi miaka 5. Kanuni yenyewe haielezi shambulio ni nini. Maana yake imetokana na sheria ya mazoea ya Uingereza, iliyopokewa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920: kumgusa mtu kwa nguvu bila ridhaa yake, au kumfanya aamini kwamba anapigwa sasa hivi.

Uzito uko kwenye hiyo “sasa hivi”. Katika nyumba ya kupanga huko Tandika, wapangaji wawili wanagombea zamu ya bomba. Mmoja anainua mchi na kumsogelea mwenzake. Majirani wanamdaka mkono. Hakuna aliyeguswa, lakini kosa limeshatimia pale mwenzake alipokinga uso. Angemtukana tu kutoka dirishani, lingekuwa suala la kifungu cha 89, kinachohusu matusi na vitisho. Maneno huweza pia kuondoa kitisho. Katika shauri la Uingereza la Tuberville na Savage, 1669, mtu alishika upanga wake huku akisema asingevumilia kauli ile laiti majaji wasingekuwa mjini. Halikuwa shambulio, kwa kuwa alishasema hatapiga.

Kusukumana kwenye daladala la Mbagala jioni si kosa, maana abiria anajua msongamano anaoupanda. Kumshika mwanamke makusudi humo ndani ni jambo jingine kabisa, na hakuna msongamano unaolihalalisha.

Kwa nini basi dola iadhibu hofu? Kwa sababu anayelazimishwa kujikunyata mbele ya watu ameshanyang'anywa kitu: utu wake, ambao Ibara ya 12 ya Katiba ya 1977 inautambua. Uislamu nao unakataza kumwelekezea mwenzio silaha hata kwa mzaha. Wanaouliza “kwani aliumia wapi?” wanalipima kosa kwa kidonda, na hapo wanakosea.

Fomu ya polisi ya PF3 husaidia kuthibitisha majeraha. Pasipo majeraha, ushahidi wa walioona unaweza kutosha, na Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo.