Neno Moja la Brutus

Majuzi nilikuwa Holili kufuatilia habari ya bei za mahindi. Nikiwa nimesimama karibu na kituo cha forodha, bodaboda mmoja akaniita: "Mangi! Umekuwa mkubwa, siku hizi hutusalimii?" Ilinichukua muda kumtambua. Tulisoma wote kidato cha tatu. Tukanywa chai, tukauliziana habari za wazee, na nilipokuwa nataka kuaga akaniuliza swali ambalo nadhani alilibeba miaka yote hiyo.

"Aisee, lile neno uliloniita siku ya uchaguzi, hivi lilikuwa na maana gani hasa?"

Neno lenyewe ni 'ambitious'. Nililikumbuka mara moja, na hiyo peke yake inatosha kunishtaki.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na nakala ya Julius Caesar ya Shakespeare, haina jalada, aliyoinunua ng'ambo, Taveta. Haikuwemo kwenye vitabu vya mtihani. Kwake ilikuwa shamba la misamiati: kila Jumatatu maneno kumi ubaoni, kila Ijumaa jaribio. Simlaumu. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, halafu ghafla baiolojia na historia zikawa za Kiingereza, naye akatusaidia kwa alichokuwa nacho. Mimi nilikuwa na daftari dogo la maneno hayo, nikitembea nalo kama hirizi. Tena nilikariri hotuba ya Brutus mbele ya umati, ile anayoeleza kwa nini amemuua rafiki yake.

Ukaja uchaguzi wa kaka mkuu. Huyu mwenzangu alikuwa kiranja wa chakula, na alishawahi kuuliza hadharani kwa nini makande yamepungua. Wengi walimpenda. Mimi nilikuwa mpiga debe wa mpinzani wake. Kampeni zilikuwa za Kiingereza tu, ndiyo sheria ya shule. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikasema kwamba yule ni 'ambitious'. Nikarudia mara tatu. Wengi hawakulijua neno. Waliusikia mlio wake, wakaniona nilivyokunja uso, wakaelewa kuwa ni jambo baya. Wakacheka. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, akashindwa.

Sisemi kwamba neno langu ndilo lililomweka kwenye bodaboda. Huko kungekuwa kujipa ukubwa. Lakini nilimchukulia kitu, na nilimchukulia kwa neno ambalo hakuwa na namna ya kulijibu.

Mchezo mzima niliusoma baadaye sana, chuoni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Shakespeare alishaniandika mwaka 1599. Brutus hana ushahidi. Akiwa peke yake bustanini usiku, anakiri kwamba Kaizari hajafanya ubaya wowote anaoujua yeye. Anamuua kwa kile anachoweza kuwa kesho. Mbele ya umati anatoa neno hilohilo moja, na umati unaridhika. Halafu anakuja Antony na vitu vya kushikika: taji lililokataliwa mara tatu, wosia unaomwachia kila raia drakma 75. Naye si mtakatifu. Maneno yake yanawasha moto, na umati unamkuta njiani mshairi aitwaye Cinna, jina lake sawa na la mmoja wa waliokula njama. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu. Wanamrarua hata hivyo. Mimi mwandishi wa habari, sehemu hiyo huwa siisomi harakaharaka.

Sasa jaribu kulisema neno lile kwa Kiswahili. Utakwama, na kukwama kwenyewe kuna faida. Ni ari? Basi umemsifu mtu. Ni tamaa, uchu, kupenda makuu? Umemtuhumu, na watu watauliza: tamaa gani, kachukua nini cha nani? Kiswahili kinakulazimisha uchague upande. Mwalimu Nyerere aliipitia kazi hiyo mstari kwa mstari: tafsiri yake ilitoka mwaka 1963, yeye akiwa tayari Rais, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Na alijua uzito wa kuchagua. Mwaka huohuo alimgeuza mfanyabiashara wa Venisi kuwa Mabepari wa Venisi, hukumu imekaa kwenye jalada kabla hujafungua kitabu. (Sijui wafanyabiashara wa Holili wangesemaje.) Unaweza kubishana naye, lakini alionyesha wazi amesimama wapi. Mimi nilijificha ndani ya Kiingereza. Kama ningesema kwa Kiswahili, "huyu ana tamaa," yule kijana angesimama na kuniuliza makande nani kala.

Kwa hiyo nilipoulizwa pale Holili, nilianza kueleza maana zote mbili, kiungwana, kama kamusi. Akanikatiza.

"Subiri kwanza. Mdogo wangu wa mwisho ameandika barua ya kuomba kazi, hoteli moja hapo Moshi. Humo ndani kajiita hivyo hivyo. Nikamwambia afute, asije akajichafulia."

Nikamwambia hapana, kwenye barua ya kazi ni sifa. Ni mtu mwenye ari, anayetaka kusonga mbele.

Akanitazama. "Kwa hiyo siku ile ulinisifu?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema ndiyo, tukacheka, nikaondoka na habari yangu ya mahindi.

"Hapana," nikasema. "Nilikutukana. Na sikuwa na ushahidi wowote."

"Nilijua," akasema. "Niliona tu uso wako."

Akalipa chai, alikataa kabisa nilipe mimi. Akapanda pikipiki, akaiwasha, kisha akaizima tena, akatoa simu mfukoni, akampigia mdogo wake amwambie alirudishe lile neno.