Yule si Refa



Katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki kule Indiana, Marekani, ukuta wa maktaba umebeba picha kubwa inayopanda mita 41 hivi. Haikupakwa rangi. Msanii Millard Sheets aliibuni, ikaundwa kwa vipande vya mawe ya rangi mbalimbali, ikazinduliwa mwaka 1964. Inaitwa Neno la Uzima. Yesu yuko juu kama Mwalimu, ameinua mikono, na chini yake wamesimama mitume na wasomi wa karne nyingi.

Sasa, ng'ambo ya maktaba kuna uwanja wa mpira wa Kimarekani. Kwenye mchezo huo timu ikifunga, refa huinua mikono yote miwili. Mashabiki wakaangalia ukutani, wakamwona refa! Wakampa jina: Yesu wa Tachidauni.

Nilicheka, na sioni kufuru hapo. Ila utani huo una jambo. Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kitu hupokelewa kadiri ya hali ya anayekipokea. Aliyejaa mechi kichwani, hata mikono ya Mwalimu ataiona inashangilia goli lake. Na sisi je? Kuna kijana anashika rozari ili mkeka usichanike. Mwingine novena ni ya wiki ya mitihani tu; matokeo yakitoka, Misa ya Jumapili basi tena. Sisemi tusiombe. Tuombe, Mungu ni Baba. Lakini mwalimu husahihisha pia, na shangilio la refa halina nafasi ya "hapana". Halafu Notre Dame hucheza na Boston College, chuo cha Wajesuiti. Kule nako kuna Wakatoliki. Mikono ile iinuliwe kwa ajili ya nani?

Mwaka 1997 uwanja ulipanuliwa, viti vikaongezwa kwa maelfu, na majukwaa mapya yakaziba sehemu ya picha. Jamani! Uwanja umekua, na aliye ndani yake hamwoni tena Yesu vizuri kama zamani. Anayetaka kuiona picha yote inabidi atoke, aiache mechi, atembee hadi kwenye bwawa lililo mbele ya maktaba. Pale hakuna mstari wa goli. Kuna maji, kuna wanafunzi wanaopita na mabegi yao, na Mwalimu anafundisha.